Msaada: wakatekumeni wanauliza kama kila asemalo Papa ni dogma

Katekista_Kondele
Tumsifu Yesu Kristo. Nafundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa au kuingia Kanisa Katoliki) watu wazima hapa Kisumu, na Jumapili tunafika kwenye somo la Papa. Wengi wametoka kwa Wasabato. Tayari swali limekuja: mnasemaje hakosei, na Paulo alimkemea Petro mbele ya watu (Gal 2:11)? Mwingine anataka kujua kama majibu ya Papa kwa wanahabari ndani ya ndege ni dogma pia, yaani fundisho ambalo kila Mkatoliki lazima aliamini. Nianzie wapi, na watanibana wapi?

Mwana_Kibuye
Milele na milele, Mwalimu. Anzia kwenye maneno ya Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, hati Pastor aeternus, 18 Julai 1870, sura ya 4. Andika masharti ubaoni: Papa anasema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake kuu ya kitume; anatoa tamko la mwisho; jambo ni la imani au maadili; na Kanisa zima linapaswa kulishika. Likipungua moja, hajanena ex cathedra, yaani hajatamka kwa ile mamlaka isiyokosea. Kwenye ndege anajibu maswali tu, hafungi mjadala wowote.

Petro kule Antiokia alikosea mwenendo: alijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo. Karama hii ya kutokosea hailindi tabia ya mtu. Papa naye hupiga magoti kuungama.

Usiishie kwenye masharti, wape tamko lenyewe wapige mstari. Papa Pius XII, hati Munificentissimus Deus, 1 Novemba 1950: kurasa nyingi za historia, liturujia na mababa wa Kanisa, kisha karibu na mwisho, "tunatamka, tunatangaza na kufafanua kuwa ni dogma iliyofunuliwa na Mungu" kwamba Maria, alipomaliza mwendo wa maisha yake ya duniani, alipalizwa mwili na roho katika utukufu wa mbinguni. Dogma ni hilo tu. Hoja zinazotangulia si dogma. Tena angalia: hakutamka kama Maria alikufa au la. Aliliacha.

Nyar_Ahero
Wasabato watakuambia Papa anajitungia imani. Sura hiyo hiyo ya 4 inakataa: Roho Mtakatifu hakuahidiwa kwa waandamizi wa Petro ili watangaze fundisho jipya, bali walinde na kueleza lililopokelewa kwa mitume. Pius XII aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima mwaka 1946 kuwauliza kabla ya kutamka. Pius IX alifanya vivyo hivyo mwaka 1849, akatamka Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili mwaka 1854.

Msomaji_Nakuru
Basi Humanae vitae ya 1968, barua ya Papa Paulo VI inayokataza njia bandia za kuzuia mimba, si ex cathedra. Kwa hiyo kila mtu achague?

Mwana_Kibuye
Hapana ndugu, na hapa ndipo darasa nyingi huharibikia. Si ex cathedra haina maana ya hiari. Kanuni ya 752 ya Sheria ya Kanisa inadai utii wa kidini wa akili na utashi hata kwa mafundisho ambayo Papa hakuyatamka kama ya mwisho. Halafu kuna njia nyingine ya kutokosea: maaskofu waliotawanyika duniani, wakiwa katika umoja na Papa, wakifundisha jambo moja kuwa la mwisho na la kushikwa daima (Lumen gentium 25, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano). Upadre kwa wanaume pekee uko huko. Ordinatio sacerdotalis ya 1994, barua ya Papa Yohane Paulo II kuhusu upadre, haikuwa tamko la ex cathedra, lakini mwaka 1995 idara ya Vatikano ya mafundisho ya imani ilisema fundisho lenyewe limeshafundishwa bila kukosea kwa njia hiyo. Ukiwa na shaka, shika kanuni ya 749 §3: fundisho halihesabiwi limetamkwa bila kukosea mpaka hilo liwe wazi.

Katekista_Kondele
Na Papa Honorius wa karne ya saba, anayedaiwa kufundisha uzushi?

Nyar_Ahero
Usimkwepe, Mwalimu, watamleta. Mtaguso wa Tatu wa Konstantinopoli ulimlaani mwaka 681, miaka mingi baada ya kufa, kwa barua zake kwa Sergius, Patriarka wa Konstantinopoli, kuhusu kama Kristo ana utashi mmoja au miwili. Sema wazi kwamba aliteleza vibaya. Lakini alikuwa anamjibu patriarka, tena alitaka mabishano yanyamaze. Hakulifungia Kanisa zima fundisho lolote. Papa Yohane XXII naye alihubiri, 1331 hadi 1332, kwamba roho za watakatifu hazitauona uso wa Mungu mpaka hukumu ya mwisho. Wanateolojia walimpinga akiwa hai, akaliacha kabla ya kufa mwaka 1334, na mrithi wake Benedikto XII akatamka kinyume chake mwaka 1336. Yale yalikuwa mahubiri.