Maumivu sugu ya shingo: kukandwa, kuvutwa kwa mashine au mazoezi? Mliopitia tulinganishe

FundiMwanjelwa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, umri miaka 43. Shingo inanisumbua mwaka wa pili sasa. Inaanzia chini ya kisogo na kushuka hadi bega la kulia. Ikifika saa tisa alasiri, mteja akiniita kutoka nyuma lazima nigeuze mwili mzima ndipo nimwone. Nimemeza dawa za maumivu mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Eksirei ilionyesha pingili za chini zimeanza kusagika. Daktari alisema kwa umri wangu hilo si ajabu, akaniandikia fiziotherapia.

Kuchagua ndiko kunanishinda. Kuna kituo binafsi wananipasha joto na kunikanda, elfu 20 kila nikienda. Kingine wana mashine ya kuvuta shingo, na wanataka nilipie mara 10 kwa mkupuo. Hospitalini nilipewa mazoezi kwenye karatasi, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Kusema kweli niliona kama nimefukuzwa. Aliyepitia hivi vitatu aniambie kipi kilimsaidia na kilidumu muda gani. Pesa yangu ni ya kuungaunga, sitaki kuimwaga.

DerevaTunduma

Pole sana dada yangu. Nimeendesha lori la Tunduma kwenda Dar miaka 14, kwa hiyo shingo naijua. Nilivutwa kwa mashine mara 10 kama wanavyotaka wewe ulipie. Unalazwa chali, unavalishwa mkanda unaoshika kidevu na kisogo, mashine inavuta kisha inalegeza, inavuta tena. Wakati inavuta kuna raha, nilikuwa nasinzia pale pale kitandani.

Ila mimi nilikuwa na ganzi kwenye kidole gumba na cha shahada, mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa. Ganzi ilianza kupungua mara ya tano au ya sita. Ule mkazo wa shingo yenyewe ulirudi safari ya kwanza tu, kabla sijaumaliza mlima Kitonga. Kama mkono wako hauna ganzi, usilipie kumi. Lipia mbili kwanza, ujisikilizie.

MamaViaziIsyonje

Mimi mashine sijaziona, mie ni wa kukandwa. Miaka mingi nimebeba viazi na kuni kichwani, shingo ikachoka. Nikikandwa nalala vizuri siku mbili tatu, kisha mambo yanarudi yalipokuwa.

Nakuomba jambo moja mwanangu. Usikubali mtu akuzungushe shingo kwa ghafla. Mkandaji mmoja alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza mara moja hadi pakalia. Nilipata kizunguzungu, nikatapika njiani, nikaletwa nyumbani nimeshikwa mkono. Watoto walilia wakidhani naondoka.

Joto hata nyumbani lipo. Huku kwetu Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Chupa ya maji ya moto naizungushia khanga, naiweka shingoni dakika 15 hivi kabla ya kulala. Hiyo haihitaji elfu 20.

FizioIringa

Kamwene wote. Hii ndiyo kazi yangu mwaka wa 11, na swali hili naulizwa karibu kila siku, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Maumivu yakivuka miezi 3 tunayaita sugu. Hapo mara nyingi hatutafuti tena kidonda kimoja cha kuponya. Tunaangalia shingo inavyofanya kazi. Pingili 7 zinabeba kichwa chenye kilo 4 hadi 5. Mbele ya pingili hizo, nyuma ya koo, kuna misuli midogo inayozishikilia zisiyumbe. Kwa watu wengi wenye maumivu sugu misuli hiyo imelegea, na mzigo wake umehamia kwenye misuli mikubwa ya juu ya mabega. Ule unaousikia mgumu kama kamba unafanya kazi ya mwenzake. Ukikandwa unalegea. Kesho ukirudi kwenye cherehani unakaza tena, kwa kuwa mwenzake bado hajaamka.

Niwaonyeshe ninavyompima mtu. Namlaza chali, nakunja ule mkanda wa kupimia presha, nauweka chini ya shingo na kuujaza upepo hadi mshale usome 20. Namwambia aitikie ndiyo kwa kichwa, polepole sana, mshale ufike 22, kisha ashike hapo sekunde 10. Halafu 24, na kuendelea mpaka 30. Jumatatu hii alikuja baba mpasuaji mbao, mikono kama magogo. Kufika 24 mshale ukaanza kutetemeka, kidevu kikapanda juu, misuli ya pembeni ya shingo ikasimama. Alishangaa sana kwamba kutikisa kichwa kidogo hivyo kunamshinda.

Sasa ulinganisho, kwa jinsi ninavyouona mimi. Kukandwa na kulegezwa viungo kwa mikono ya mtu aliyesomea kunasaidia hasa wiki za mwanzo, na kunafaa zaidi kukiambatana na mazoezi. Joto ni unafuu wa saa chache, litumie, alivyosema mama wa Isyonje ni sawa kabisa. Mashine ya umeme inayotekenya hupunguza maumivu ikiwa mwilini na muda mfupi baada ya kutolewa. Kuvutwa namwachia mwenye ganzi kama dereva wetu, na hata kwake si dawa ya uhakika. Kola, ule mkanda mgumu wa kushikilia shingo, nawakataza kuivaa wiki na wiki, misuli inazidi kulala.

Mazoezi ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko hayo mengine. Kuna utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2003, wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini wenye maumivu sugu ya shingo. Waliofanya mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega kwa mwaka mzima, 73 katika kila 100 walisema maumivu yamepungua sana au yamekwisha. Walioachwa bila programu hiyo walikuwa 21 katika kila 100. Angalieni huo muda: mwaka mzima.

Kwa hiyo dada, waliokupa karatasi walikupa kitu cha thamani kuliko vyote, ila walikupa vibaya. Zoezi la shingo halisomwi kwenye karatasi. Rudi, waombe wakuone ukilifanya.

MwalimuNjombe

Mimi sikubaliani moja kwa moja. Mazoezi yaliniharibu. Nilipewa mpira wa kuvuta, nikafanya kwa bidii, siku tatu sikuweza kuandika ubaoni. Mashine ya umeme ndiyo iliyoniwezesha kuingia darasani. Mtu akiwa na maumivu makali halafu unamwambia afanye mazoezi, anakuona humwonei huruma.

FizioIringa

Mwalimu, pole, na una haki. Ulianzishwa juu mno. Mpira ni wa baadaye, baada ya ile misuli midogo kuamka. Kipimo ninachowapa watu wangu ni hiki: maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi lakini kesho yake yakawa yamerudi yalipokuwa, endelea. Yakivuka siku ya pili, punguza nusu, usiache. Na mashine ya umeme kama inakutuliza, itumie ili uweze kufanya mazoezi, hapo imefanya kazi nzuri.

KijanaMafinga

Naingilia kwa sababu moja. Baba yangu alikandwa shingo miezi minne. Alikuwa anakonda, anatoka jasho usiku, sisi tunasema ni uzee na baridi. Siku miguu ilipoanza kumwisha nguvu ndipo tukampeleka hospitali kubwa, ikakutwa TB ya uti wa mgongo. Alitumia dawa akapona, anatembea, lakini na fimbo. Kila nikimwona anaishika ile fimbo naikumbuka ile miezi minne. Tafadhali, kabla hujachagua kati ya kukandwa na mashine, hakikisha umepimwa.

FizioIringa

Asante sana kijana. Niongezee tu: homa, kukonda bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku hata ukilala vipi, mikono kuangusha vitu au kushindwa kufunga vifungo, kuyumba unapotembea, mkojo kukuponyoka, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka na bodaboda. Mwenye mojawapo asiguswe shingo na mtu yeyote mpaka daktari amwone.

FundiMwanjelwa

Dalili hizo sina, nashukuru Mungu. Fizio, nina swali. Kama nina elfu 60 tu ya kutumia, niigaweje?

FizioIringa

Elfu 40 ni kukandwa mara mbili, wiki ya kwanza na ya pili, ili shingo ikubali kugeuka. Inayobaki ni nauli ya kurudi hospitalini kuonyeshwa mazoezi. Mashine ya kuvuta iache. Halafu niambie unakaaje ukishona.

FundiMwanjelwa

Nimeinama, macho karibu na sindano, hasa nguo nyeusi.

FizioIringa

Basi kazi iyafuate macho, macho yasiifuate kazi. Shusha kiti, ongeza taa. Kila ukimaliza nguo moja simama, vuta mabega nyuma mara 10.

FundiMwanjelwa

Wakuu, zimepita wiki tisa, nimerudi kutoa mrejesho. Nilikandwa mara mbili kama nilivyoshauriwa. Hospitalini nilimkuta dada yule yule, nikamwomba anione nikifanya. Kumbe nilikuwa nanyanyua kichwa chote kutoka kitandani badala ya kuitikia tu. Alinishika kidevu kwa vidole viwili akanionyesha, dakika tano hazikufika. Nafanya asubuhi na usiku, taulo limekunjwa chini ya shingo.

Wiki tatu za kwanza sikuona kitu, nikalia siku moja nikidhani nimechagua vibaya. Wiki ya tano ndiyo nilianza kugeuka kulia bila bega kufuata. Stuli nimeikata miguu inchi mbili. Nikishona vifungo naweka mto mapajani ili nguo ipande juu. Maumivu hayajaisha, siku za oda za sare za shule bado yanakuja jioni, lakini dawa sijameza tangu wiki ya sita. Jana mteja kaniita kutoka mlangoni, nikageuza kichwa nikamwitikia, mguu bado uko kwenye pedeli.

Ndaga fijo nyote. Mwalimu wa Njombe, na wewe umeendeleaje?