Mjadala: Je, ni haki filamu iigize chumba cha gesi?

Mkwaju
Wakuu, kuna jambo linanikereketa. Juzi chuoni tulionyeshwa Schindler's List, ile ya Steven Spielberg ya 1993, kuhusu Mjerumani mwenye kiwanda aliyeokoa Wayahudi zaidi ya 1,000. Kuna sehemu wanawake wanafikishwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani huko Poland, kwa treni, wanakatwa nywele, wanavuliwa nguo, wanasukumwa kwenye chumba chenye mabomba juu. Taa zinazimwa. Wanalia, wanakumbatiana. Halafu badala ya gesi yanatoka maji. Ukumbi mzima ukapiga makofi, mimi nikashindwa. Vyumba vya namna hiyo viliua watu kwa mamia ya maelfu, leo vimetumika kutupandisha presha kama tunaangalia picha la mapigano. Nasema wazi: kuna mahali kamera haina ruhusa ya kuingia. Claude Lanzmann wa Ufaransa alitoa Shoah, filamu kuhusu mauaji hayohayo, mwaka 1985, saa 9 na ushee, na hakuweka hata kipande kimoja cha picha za zamani. Aliwahoji walionusurika, majirani wa kambi, hata waliokuwa walinzi. Mnasemaje?

BintiPwani
Lakini lile tukio lilikuwepo, mkuu. Wanawake kama 300 wa Schindler walipelekwa Auschwitz mwaka 1944, wakakaa huko kwa wiki kadhaa kabla ya kutolewa. Hofu ile waliisimulia wenyewe. Na hizo saa 9, nani ataziangalia? Mama yangu haiwezi hiyo, ila Schindler ameiona na alilia.

Ngosha
Tena Spielberg alirekodi mle mle ndani ya Auschwitz, kwa hiyo ule ni kama ushahidi tu. Mimi kinachonishangaza ni hao watu wenyewe. Wayahudi milioni 6 waliuawa! Wanaambiwa pangeni mstari, wanapanga. Hakuna anayerusha hata jiwe. Kwetu mtu haingii kaburini kimya kimya.

Mwalimu Mstaafu
Ngosha mdogo wangu, hapo umenigusa pabaya. Kwanza, ndani ya kambi hakurekodi. Alikataliwa, akajenga mabanda yake nje ya lango la Birkenau, sehemu ya Auschwitz. Pili, nani amekwambia hawakurusha jiwe? Ghetto ya Warsaw, mtaa wa Poland walikofungiwa Wayahudi, ilipigana kuanzia tarehe 19 Aprili 1943 kwa karibu mwezi mzima, vijana wenye bastola na chupa za petroli mbele ya jeshi lenye vifaru. Kambi ya Treblinka waliasi Agosti mwaka huohuo, kambi ya Sobibor Oktoba. Na hapohapo Auschwitz, wasichana waliokuwa wakifanyishwa kazi kiwanda cha silaha waliiba baruti kidogo kidogo, wakaifunga kwenye vitambaa na kuificha mwilini, ikapitia kwa Róza Robota hadi kwa wafungwa waliolazimishwa kuchoma maiti. Tarehe 7 Oktoba 1944 tanuri mojawapo likawashwa moto. Róza na wenzake watatu walinyongwa Januari 1945, na kambi ikakombolewa mwezi huohuo. Nimefundisha somo hili miaka mingi na kauli yako ndiyo inayoniumiza kuliko zote.

Ngosha
Shikamoo mzee. Mimi nasema nilichokiona kwenye picha. Kama walipigana, mbona steringi ni Mjerumani? Wayahudi wamekaa wanasubiri jina lisomwe kwenye orodha. Wa kulaumiwa ni muongozaji, siyo mimi.

BintiPwani
Naomba turudi kwa Mkwaju. Umesema kamera haina ruhusa. Agosti 1944 hao hao wafungwa wa matanuri walipata kamera kwa siri, wakapiga picha 4 hapo Birkenau: wanawake waliovuliwa nguo wakikimbizwa, maiti zikiungua uwanjani. Mkanda wa picha hizo ulitoroshwa ndani ya tyubu ya dawa ya meno hadi kwa wapinzani wa Wanazi mjini Kraków. Waliokuwa ndani walitaka tuone. Wewe unataka tusione kwa niaba ya nani?

WaNakuru
Si lazima uonyeshe kambi ndiyo watu waelewe. Nowhere in Africa, ya 2001, ni familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya mwaka 1938. Habari za nyumbani zinafika kwa redio na barua, halafu barua zinakatika. Hakuna chumba cha gesi, na bado inakukaba koo. Imeshinda Oscar pia.

Ngosha
Hiyo ni ya walowezi mashambani. Tuko kwenye suala la steringi.

Impundu
Ngosha, mimi ni wa Kigali. Hilo "kwetu mtu haingii kaburini kimya kimya" nimelisoma mara nyingi na mikono inatetemeka. Sisi pia tumeulizwa: mbona hamkupigana? Huko Bisesero, magharibi mwa Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari Watutsi walikaa milimani kuanzia Aprili hadi Juni 1994 wakijihami kwa mawe, fimbo na mikuki, wanaume mbele, wanawake na watoto wakiwaokotea mawe. Walikufa kwa maelfu. Nyamata na Ntarama watu walikimbilia kanisani na watoto mgongoni. Huyo wa kanisani si mwoga kuliko wa mlimani. Halafu dunia ikaletewa Hotel Rwanda ya 2004, meneja wa hoteli ndiye steringi, na wengi wetu tuliokuwa huku bado tunaibishia.

Ngosha
Pole sana dada. Lakini si unakubaliana nami kuwa wanatupa steringi asiye mwenyewe?

Impundu
Kwenye hilo tu. Usiniweke upande wako kwa yale mengine.

Mwalimu Mstaafu
Escape from Sobibor ilitoka 1987, wafungwa wenyewe ndio wanaopanga na kutoroka. Itafute, kijana.

Mkwaju
Mmeninyang'anya mada. Sikuuliza nani ni shujaa. Niliuliza kama yale yaigizwe.

Impundu
Basi nakujibu. Shooting Dogs ya 2005 ilirekodiwa Kicukiro, kwenye shule ileile ambayo askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliiacha tarehe 11 Aprili 1994 na watu zaidi ya 2,000 wakauawa. Baadhi ya walionusurika walifanya kazi kwenye filamu hiyo. Nao walikosea?

Mkwaju
Hapana dada, hao ni wenyewe, wana haki yao. Lakini hakuna aliyetoka ndani ya chumba cha gesi akatoa ruhusa. Hapo ndipo nilipo na sisogei.

BintiPwani
Mkwaju, zile picha 4 mbona unazikwepa? Ni mara ya pili nakuuliza. Karibu wote wa kikosi kile waliuawa, na kabla ya kufa walihatarisha maisha yao ili zitoke. Nijibu hilo kwanza.