Bakuli la nundu ya mwembe mbichi limepasuka ukingo, bado linaokoka?

Mwanamuheza aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Mwembe wa nyumbani kwa bibi, Muheza, ulikatwa kupisha nyaya za umeme. Shinani ulikuwa na nundu ya kukumbatia kwa mikono miwili. Mjomba akanikatia kwa chenso, nikaisafirisha Dodoma ikiwa bado inatoa maji. Juzi nimeifunga kwenye mashine ya kukereza (inayozungusha mti huku ukiuchonga), upande wa nje ukaja vizuri sana: macho ya nundu (vile viduara vidogo vya vichipukizi), michirizi myeusi, na sehemu nyingine rangi ya asali. Kipenyo sentimita 32, ukuta nimeuacha na unene wa sentimita 3.

Nilipoanza kuchimba ndani, bobari (patasi yenye ncha ya mviringo) ikafika mahali ambapo gome limemezwa na mti, kipande cha ukingo chenye upana wa vidole vitatu kikaruka. Nimekiokota, kipo kizima. Asubuhi yake nikakuta ufa umeanzia palepale kilipong'oka na kushuka hadi katikati ya ukuta. Kuna na nyufa nyembamba kuzunguka yale macho.

Huku mvua zimeshakatika, upepo ni mkavu mno. Mti wenyewe haupo tena, na mama zangu wadogo wanalisubiri bakuli hili. Jirani yangu fundi samani anasema nimimine epoksi (gundi ya maji ya kuchanganya, ikikauka huwa ngumu) leoleo nimalize kazi. Mnashaurije?

Mkereza_Pwani:

Fundi, pole sana. Epoksi usiiguse leo. Usiku huu lizungushie kitambaa chenye unyevu, ulitie ndani ya mfuko wa nailoni, ulifunge. Kazi ya kwanza ni kuusimamisha ufa; kuuziba kutakuja baadaye.

Mti mbichi una maji ya aina mbili: yaliyo huru ndani ya vijitundu vyake, na yaliyoshikwa na kuta za nyuzi zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka, umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu ndipo mbao inaanza kunywea. Na hainywei sawasawa: kufuata mzunguko wa pete za mti inanywea karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea kwenye moyo, na kwa urefu wa nyuzi ni kidogo mno. Sasa umeitoa nundu Muheza, kwenye hewa yenye unyevu, ukaipeleka Dodoma wakati wa kiangazi. Ngozi ya nje imekauka na kunywea huku ndani bado kuna maji. Lazima ipasuke. Ukijaza epoksi sasa, kwanza haitashika vizuri kwenye mti ulioloa. Pili, hata ikishika, mti utaendelea kunywea na ufa utafunguka pembeni yake.

Ila una bahati na nundu. Ubao ulionyooka ukipasuka, ufa unafuata nyuzi mpaka mwisho. Kwenye nundu nyuzi zinajipinda kila upande, kwa hiyo ufa ukikutana na jicho mara nyingi unaishia hapo. Angalia wako umekomea wapi. Nina imani utakuta jicho.

Kile kipande kibandike kesho, kabla hakijajikunja kikashindwa kukaa mahali pake. Hapo tumia supaglu, kwa sababu yenyewe hukauka kwa msaada wa unyevu. Pangusa maji ya juu, paka vanishi nyepesi pembeni ili gundi isiache doa, bana kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Halafu tafuta mifuko ya karatasi ya saruji, ikung'ute vizuri, uweke bakuli ndani pamoja na maranda yake yenyewe. Kitakoni andika kwa penseli tarehe na uzito. Pima kila wiki kwa mzani wa jikoni. Maranda yakilowa badilisha, maana mwembe hushika ukungu upesi na wadudu watobozi wanaupenda. Uzito ukigoma kushuka wiki kadhaa mfululizo, hapo ndipo turudi kwenye epoksi. Itachukua miezi, mkuu. Mama wadogo waambie wasubiri.

Binti_Seremala:

Naungana na Mkereza. Ila mimi huo ufa mkubwa ningeushona, nisiufiche kwa rangi. Vibuyu vilivyopasuka vilishonwa tangu zamani na vikaendelea kutumika. Bakuli likishakauka na ukamaliza kukereza na kupiga msasa, toboa kwa keekee ya milimita 2, matundu mawilimawili yanayotazamana, kila moja sentimita moja kutoka kwenye ufa. Chuna waya wa umeme upate shaba tupu, pitisha, kaza kwa koleo kwa ndani, kisha gonga fundo lilale. Waya utazuia ufa usifunguke, na shaba kwenye ile rangi ya asali inapendeza kweli.

Zile nyufa nyembamba jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa shaba. Wachonga funguo wanaufagia chini ya mashine zao, omba tu watakupa. Pitisha sumaku kwanza utoe vipande vya chuma.

Mwanamuheza:

Asanteni sana, kweli ufa umeishia kwenye jicho! Bakuli lipo kwenye nailoni. Kuna aliyeniambia nilichemshe ili likauke haraka, ni kweli?

Mkereza_Pwani:

Ni kweli, kuchemsha kunalegeza nyuzi, na bakuli halipasuki sana wakati wa kukauka. Saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwenye sufuria kubwa la shughuli, lizamishwe lote, halafu lipoe humohumo kwenye maji. Lakini ukiamua hivyo, chemsha kabla ya kubandika kipande, kwa kuwa maji ya moto yatailegeza supaglu. Vaa mikono mirefu na glavu unapolishika: utomvu wa mwembe huwawasha baadhi ya watu, na vumbi lake pia, kwa hiyo barakoa ni lazima.

Siku ya kulirudisha kwenye mashine, zungushia ukingo nailoni ya kufungia mizigo, anza na mizunguko isiyozidi 400 kwa dakika, na usisimame usawa wa bakuli linapoanza kuzunguka. Kinga ya uso iwe imeshuka. Ukigonga ukuta kwa kidole ukasikia mlio wa kupwaya, usiwashe.

Mwanamuheza:

Nitachemsha Jumamosi. Je, litafaa kuwekea chakula?

Binti_Seremala:

Matunda, karanga na mkate, ndiyo, epoksi ikishakomaa kabisa. Ugali au mchuzi wa moto hapana. Malizia kwa nta ya nyuki, na usililoweke wakati wa kuosha.