Mashine inatoa alama za mkopo, ajenti anaziandika tu: turekebishe wapi?

Daftari_Katuba (Lubumbashi)
Jambo yenu wakubwa. Koperativi ya akiba na mikopo, ajenti 6, dosiye kama 40 kwa siku. Mashine inasoma kila dosiye na kutoa alama 0 hadi 100. Chini ya 50 inashauri kukataa. Sheria yetu inasema ajenti ndiye mwamuzi. Lakini daftarini ajenti na mashine wanakubaliana mara 98 kwa 100. Ni mashine iliyo hodari, au watu wameacha kupima?

MamaHesabu (Bukavu)
Ndugu, hiyo 98 haipimi uhodari wa mashine. Ajenti anaona alama kabla ya kufungua dosiye, basi anasoma akitafuta sababu za kuikubali. Ficheni alama. Asome kwanza, aandike ndiyo au hapana na sababu moja, afunge. Ndipo alama itokee. Wakipishana, dosiye iende kwa ajenti wa pili asiyejua nani alisema nini. Dosiye 40 kwa watu 6 hazifiki 7 kwa mtu, muda upo.

Halafu wapigieni hesabu hii ubaoni. Tuseme waombaji 1,000, na 100 kati yao hawatalipa. Mashine inawanasa 80 kati ya hao 100, na inawakataa kimakosa 90 kati ya 900 walio wazuri. Waliokataliwa ni 170, na zaidi ya nusu wangelipa! Jumla imekosea mara 110: hao 90, na 20 wasiolipa ambao haikuwanasa. Kumkubali kila mtu kungekosea mara 100 tu. Kweli, deni lisilolipwa linaumiza sanduku kuliko riba iliyokosekana, kwa hiyo mashine bado inaweza kufaa. Ila mama muuza makala ya kupikia aliyekataliwa bure haonekani kwenye ripoti yoyote, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kivu_Data (Goma)
Naongezea kwa Mama. Mashine inajifunza kwa waliokopeshwa peke yao. Kuhusu aliyekataliwa, haina njia ya kujua kama angelipa. Kati ya wenye alama 40 hadi 49, wapeni wachache mkopo mdogo, tuseme 3 kwa kila 100, kwa bahati nasibu, muone kama watalipa. Ajenti asiwachague.

Angalieni pia data inaishia lini. Hapa Goma benki zilifungwa Januari 2025. Mashine iliyofundishwa kwa malipo ya kabla ya hapo haijui mji huu wa leo.

Daftari_Katuba
Asanteni. Na anayepinga mashine, aandike nini?

MamaHesabu
Jambo ambalo dosiye haina. Mfano wa kwenu: mpaka wa Kasumbalesa, wa kuingia Zambia, ulipofungwa siku chache Agosti 2024, mfanyabiashara wa mpakani angeweza kuchelewa bila kuwa mdeni mbaya. Mashine inaona siku za kuchelewa tu. "Namfahamu" si sababu, mrudishieni.

Sefu, mkubwa wa ajenti, naye ajiangalie: mkopo ukifa, akimhoji aliyepinga mashine na kumwacha aliyeifuata, mwezi ujao hakuna atakayepinga. Wahojiwe wote kwa maswali yaleyale.

Daftari_Katuba
Jumatatu tunaficha alama kwa ajenti 3, wengine 3 waendelee kama zamani. Wiki 4.

Kivu_Data
Hao 3 nao kwa bahati nasibu, na wabadilishane baada ya wiki 2. Wiki 4 zitaonyesha nani anapishana na mashine. Nani alikuwa sahihi, mtajua marejesho yakianza kuingia.