Mafunzo ya kompyuta jeshini: kweli yanaokoa hela?

Mwalimu_Kurasini:
Wakuu, habari zenu. Nafundisha mabaharia kwenye chuo kimoja hapa Dar. Uongozi unataka masomo ya darasani yahamie kwenye kompyuta, eti jeshi la Marekani lilifanya hivyo likaokoa muda na fedha. Nimepewa hadi Ijumaa nipeleke maoni. Mwenye uzoefu anijuze, hesabu yake ikoje?

Mlikoni:
Mwalimu, salama? Mimi ni mzaliwa wa Likoni, nimetumikia jeshi la majini la Marekani miaka minane, fundi umeme.

Mabosi wako hawajadanganya. Mwaka 1979 watafiti wawili, Orlansky na String, walipitia majaribio ya kijeshi wakakuta wa kompyuta na wa darasani wanafaulu sawasawa, ila wa kompyuta anamaliza mapema, kama asilimia 30 hivi. Na mwanajeshi hata akiwa shule anakula mshahara, kwa hiyo kila wiki inayopungua ni pesa.

Sasa sikia yangu. Somo la saketi nililimaliza siku tisa kabla ya wenzangu. Siku hizo zote nilikuwa nikipiga deki korido, maana darasa lililofuata lilikuwa na tarehe yake. Kwenye makaratasi mimi ni akiba!

La pili ndilo linakuhusu zaidi. Mwaka 2003 walifuta kozi ya darasani ya maofisa wapya wa meli, ile ya mji wa Newport kule Marekani, wakawapa CD wajisomee melini huku wakishika zamu. Gharama haikuisha, iliwaangukia wakubwa wao melini, ambao usingizi wenyewe hawaupati. Miaka ikapita, darasa likarudishwa. Mwaka 2017 manowari mbili za Marekani, Fitzgerald na John S. McCain, ziligongana na meli za biashara, mabaharia 17 wakafa. Sisemi ni CD zilizowaua, sababu zilikuwa nyingi, lakini uhaba wa mafunzo ulitajwa.

Fundi_Mitambo:
Simuleta je?

Mlikoni:
Hiyo mashine ya kuigiza uendeshaji wa meli ni habari nyingine, pale unagonga meli bila kuua mtu. Kusoma kanuni za taa za meli kwenye skrini ni sawa. Kuiona taa nyekundu usiku, mvua inanyesha, redio inapiga kelele, na uamue ugeuze wapi, hapo unataka mtu kando yako.

Mwalimu_Kurasini:
Shukrani sana mkuu. Sisi tuna kompyuta 12, wanafunzi 60, na simuleta hatuna.

Mlikoni:
Basi anza na hilo kwenye barua yako.