Naomba ushauri: kuta za matuta nyuma ya kasri la Changdeokgung

Wakuu, naomba msaada wa mchoro wa mkato wa Changdeokgung, kasri la Seoul lililojengwa 1405. Halikunyooka kama Gyeongbokgung, kasri kuu la Seoul. Limefuata mguu wa kilima. Unaingia lango la Donhwamun pembe ya kusini-magharibi, unakata kulia kuvuka daraja la mawe la 1411, kisha kushoto ndipo uufikie ukumbi wa Injeongjeon. Sehemu hiyo imekamilika.

Ninapokwama ni nyuma ya Daejojeon, jumba la malkia, na Nakseonjae, makazi mengine ndani ya kasri. Mteremko umekatwa ngazi ngazi, kila ngazi imezuiwa kwa mawe ya kuchongwa na kupandwa maua. Wakorea huziita hwagye. Ukuta mmoja mrefu ungebeba msukumo wote wa udongo uliolowa mvua za Julai, ukatoa tumbo na kuanguka. Ngazi fupi zinagawana mzigo, na kwangu huo ndio ufundi mkubwa kuliko paa zote zile.

Je, kila ukuta nichore umelalia mlimani kiasi gani? Na mfereji wa maji uwe kila ngazi, au chini tu? Maji yakifika kwenye njia za moshi za ondol, mfumo wa Kikorea wa kupasha sakafu joto kwa moshi wa jiko unaopita chini yake, vyumba havipati joto.