Tupeane uzoefu: karatasi ya utaratibu wa kozi, nini kiandikwe na wapi panapozuka ugomvi

MkobaWaChaki
Assalaam alaykum wadau. Muhula unabisha hodi, na kozi autilaini (karatasi za utaratibu wa kozi) nyingi za vyuo vya Unguja na Pemba ni zile zile za mwaka juzi, zimebadilishwa tarehe tu. Uzi huu ni wa wanaofundisha, wanaoratibu kozi na ma-CR (wawakilishi wa darasa) wanaoshika madaftari. Tuekeeni kipengele kinacholeta mzozo na namna ya kukiandika kisilete. Habari za "mwalimu fulani" ziacheni maskani.

Naanza na alama, maana ndizo zinazokimbiliwa. Vyuo vingi vina 40 za kosiweki (kazi na majaribio ya ndani ya muhula) na 60 za mtihani wa mwisho. Kuandika "kosiweki 40" na kuishia hapo ni kutafuta balaa. Zivunje: majaribio madogo 2 ya alama 5 kila moja, jaribio kubwa 15 wiki ya 8, kazi ya kundi 10, kuwasilisha 5. Chini yake tia mfano mmoja wa hesabu: mwenye 17 kati ya 40 anahitaji 23 kwenye mtihani afike C (40), 33 apate B (50), 43 apate B+ (60), 53 apate A (70). Akiuona huo, wiki ya 10 anajijua alipo bila ya kumfuata mtu ofisini.

Kisha tazama kanuni za chuo chako. Kama mtihani wenyewe lazima upitwe kwa asilimia 40, basi 23 haimtoshi, ni 24. Alama 1 hiyo ndiyo inayompeleka mtu sapu (mtihani wa marudio) huku anaapa kuwa kapita. Iandikwe pale pale penye mfano, si "rejea kanuni za mitihani", kwani hakuna anayezirejea.

Na saa pia. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti 1 ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Vipindi vya saa 3 kwa wiki 15 ni saa 45 tu, kwa hiyo saa 55 ziko nje ya darasa. Aliyetoka skuli juzi anadhani kozi ni pale anapokaa kwenye kiti.

Daftari_Namba2
Waalaykum salaam. Mahudhurio: asilimia 75, sawa, lakini 75 ya ngapi? Hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Vipindi 2 kwa wiki, wiki 15, ni 30. Asilimia 75 yake ni 22.5, yaani lazima uhudhurie 23, unaruhusiwa kukosa 7. Sasa vipindi 3 vikianguka siku za mapumziko, vilivyofundishwa ni 27, asilimia 75 ni 20.25, lazima 21, unaruhusiwa kukosa 6. Mwanafunzi aliyekosa 7 kwa kutegemea hesabu ya 30 anazuiwa mtihani kwa hesabu ya 27. Andika hivi: "Mahudhurio yatahesabiwa kwa vipindi vilivyofundishwa kweli. Hesabu itabandikwa mwisho wa wiki ya 5, ya 10 na ya 14." Ukibandika wiki ya 14 tu, umechelewa, hana tena nafasi ya kujirekebisha.

Karatasi ya kusaini nayo ina elimu yake. Ikipitishwa mwanzo wa kipindi, watu wanasainiana na kutoka. Ikipitishwa mwisho, aliyeingia dakika 10 kabla ya kufunga anapata sawa na aliyewahi. Ipitishe katikati, hesabu vichwa mwenyewe, kisha piga mstari chini ya jina la mwisho na uandike idadi kwa tarakimu na saini yako. Vichwa 61, saini 68: saini 7 hazina wenyewe. Bila ya ule mstari, majina yanaongezeka kwenye korido karatasi ikielekea ofisini.

UsikuWaKuamkia
Mimi nataka tuzungumze muda wa mwisho wa kukusanya kazi, na naona ndicho kipengele kinachoandikwa vibaya kuliko vyote.

"Kazi ikusanywe usiku wa Ijumaa saa 6." Haya, usiku gani? Kwa sisi watu wa pwani siku inaingia magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Aliyezoea hesabu ya simu yake anaelewa Ijumaa usiku, siku nzima baadaye. Na saa 6 kamili usiku ni mwisho wa siku ipi? Wote wawili wana hoja, na mwalimu hana pa kushika.

Kuna la tatu: mtandao wa chuo. Mifumo ya kukusanyia kazi kama Moodle ikiachwa kwenye saa za UTC (saa za kimataifa), iko nyuma yetu saa 3. Umeweka 23:59, kumbe mlango unafungwa saa 8:59 usiku wetu. Au mwengine karekebisha saa zake binafsi mle ndani, anaona muda tofauti na jirani yake. Kabla ya wiki ya 2 fungua akaunti ya majaribio ya mwanafunzi uone inasoma nini.

Dawa yake: acheni usiku kabisa. "Alhamisi, tarehe kadhaa, saa 10:00 alasiri (16:00)." Ofisi ziko wazi, fundi wa mtandao yupo, na umeme ukikatika watu wako chuoni, CR anaarifu papo hapo. Kuchelewa: asilimia 10 ya alama za kazi hiyo kwa kila saa 24, mwisho siku 3, baada ya hapo sifuri. Eleza kama ni asilimia 10 ya alama zote au ya alama alizopata. Kazi ya alama 10 aliyopata 7 ikichelewa siku 2: njia ya kwanza inabaki 5, ya pili 5.6.

BintiWaMicheweni
Naongeza kalenda, khasa kwa wenye wanafunzi wa Pemba wanaosoma Unguja.

Siku za mapumziko zisizohama zinajulikana: 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei. Zinazohama ndizo zinazovuruga. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2027 inatarajiwa ndani ya Februari, inazidi kuingia muhula wa kwanza. Kwa hiyo mpango wa mwaka juzi haufai kukopiwa. Mwezi huo usiweke jaribio baada ya saa 8 mchana, na vipindi vya jioni visogezwe asubuhi tangu autilaini inapoandikwa, si kwa kuombana siku ya kwanza ya mfungo.

Iddi: mwandamo haupangiwi tarehe, basi usitaje tarehe. Andika "hapana jaribio ndani ya siku 7 tangu Iddi mosi." Sikukuu kwetu inakwenda mpaka siku ya nne, kisha watu wote wanagombania boti ya kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, kwa mara moja. Kuanzia Juni mpaka Agosti kusi linavuma na safari zinaweza kuahirishwa. Tangazo la kuahirishwa kwa boti likubaliwe kama udhuru, pamoja na tiketi yenye jina na tarehe. Tiketi peke yake haitoshi, mtu anaweza kukata na asisafiri.

Ijumaa kipindi kimalizike saa 5:30 asubuhi. Kinachoandikwa mpaka saa 6 hakuna anayekisikiliza nusu saa ya mwisho, tusidanganyane.

Daftari_Namba2
Kwenye udhuru tia na hili: anayekosa jaribio kwa sababu inayokubalika afanye jaribio la fidia moja tu, wiki ya 13, wote kwa pamoja. Ukiwapa mmoja mmoja, wa tatu anakuja maswali anayo mfukoni. Cheti cha hospitali kiwe na tarehe na muhuri, kifike ndani ya siku 3 za kazi. Msiba: taja ni nani na nani, maana kwetu kila mtu ni ami.

Chokaa
Makundi: watu 5, wasizidi. Mwalimu apange, wasijipange wenyewe. Kila mmoja aandike mistari 3 ya alichofanya na asaini. Alama 10 ziwe 6 za kundi na 4 za mtu binafsi, la sivyo wawili wanabeba watatu.

MkobaWaChaki
Na akili bandia? Maana sasa kila kazi inakuja Kiingereza cha kunyooka kama rula.

UsikuWaKuamkia
"Ni marufuku kutumia ChatGPT" halitekelezeki. Taja kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa: kusahihisha tahajia, sawa, kuuliza maana ya istilahi, sawa, kuandikiwa aya, hapana. Aliyetumia aandike mwisho wa kazi alitumia kwa lipi.

Usimhukumu mtu kwa kipimo cha kutambua maandishi ya mashine. Utafiti wa watu wa Stanford uliotoka 2023 ulivipima vipimo 7 kwa insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo) zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zilisingiziwa kuwa ni za mashine. Wanafunzi wetu ndio hao hao. OpenAI, wenye ChatGPT, wenyewe walikiondoa kipimo chao Julai 2023. Kinachofaa ni dakika 5 za mdomo: chagua aya moja ya kazi yake, mwambie aieleze, na mruhusu aeleze kwa Kiswahili. Aliyeandika ataieleza hata kwa kigugumizi. Sharti hilo liwe kwenye autilaini, la sivyo ukimwita mmoja atasema umemwonea.

Asilimia ya Turnitin (programu ya kulinganisha kazi na maandishi mengine) nayo si hukumu. Ondoa kwanza orodha ya marejeo na nukuu zenye alama, kisha soma kilichobaki kwa jicho lako.

CR_wa_Asubuhi
Karatasi yenyewe iwe kurasa ngapi?

MkobaWaChaki
Mbili, mbele na nyuma. Mbele alama, tarehe na mfano wa hesabu. Nyuma mahudhurio, udhuru, kuchelewa, akili bandia, na saa ambazo mwalimu anapatikana ofisini. Isomwe kwa sauti kipindi cha kwanza na irudiwe cha pili, kwa sababu wiki ya 1 nusu ya darasa bado wanahangaika na usajili. Baada ya wiki ya 2 mabadiliko yoyote yaandikwe kwa tarehe, mwalimu na CR wasaini, nakala moja ibaki kwa CR.